Nani akae katikati? Kanisa, mzee, jenerali au jirani mwenye funguo za mpaka

Aprili 2025 mji wa Lashio, kaskazini mashariki mwa Myanmar, ulirudi mikononi mwa jeshi bila risasi kulia. Agosti ya mwaka uliotangulia waasi wa MNDAA, wapiganaji wa jamii ya Wakokang, walikuwa wameutwaa baada ya wiki kadhaa za mapigano, wakachukua na makao makuu ya kamandi ya kaskazini mashariki. Jeshi la Myanmar halikuwahi kupoteza kamandi nzima ya kanda namna ile. Aliyewaondoa waasi mjini ni msuluhishi, China, na wajumbe wake walifika hapo kuona makabidhiano kwa macho yao.

Kwa Kiswahili ukitaja msuluhishi, msikilizaji anamwona mzee aliyeketi kati ya wagomvi, hana upande, anawasemesha mpaka wapeane mikono. Wapo wa namna hiyo. Wapo pia wanaokaa katikati wakiwa na shida zao wenyewe, na mkataba unaotoka unafanana na shida hizo kuliko ugomvi uliowaleta watu mezani. Ndiyo maana swali la nani asuluhishe lina uzito kuliko tunavyodhani, hasa pale upande mmoja ni jamii iliyoshika bunduki na upande wa pili ni serikali ya wanajeshi.

Serikali ya wanajeshi ina tabia yake. Mtawala aliyeingia kwa mapinduzi anaweza kutia sahihi upesi kuliko rais wa kuchaguliwa, maana hana bunge la kumchelewesha. Kwa sababu hiyo hiyo anaweza kuichana karatasi asubuhi moja, asiulizwe na mtu. Kwa hiyo nitakapowaweka wasuluhishi hawa kando kwa kando, kipimo changu kitakuwa kimoja: kesho yake baada ya sahihi, huyu mtu ana nini mkononi?

Wako wanne. Makanisa yaliyosuluhisha Sudan mwaka 1972. Mwalimu Nyerere na baadaye Mandela kwa Burundi. Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya kwa Sudan, 2002 hadi 2005. Na China kwa Myanmar tangu mwisho wa 2023. Sitawapa nafasi sawa, kwa kuwa mafunzo yao hayalingani.

Makanisa: wanaofungua mlango

Vita vya kwanza vya Sudan Kusini vilianzia Torit, mji wa Kusini, Agosti 1955. Miaka 16 baadaye Khartoum ilikuwa chini ya Jaafar Nimeiri, mwanajeshi aliyepindua serikali Mei 1969, na msituni Joseph Lagu alikuwa amewakusanya wapiganaji wa Anyanya chini ya uongozi mmoja. Pande hizo mbili hazikuwa na pa kukutania. Waliopata njia ni Baraza la Makanisa Ulimwenguni pamoja na Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lenye makao yake Nairobi.

Waliaminiwa kwa nini? Kwanza, walikuwa wameshughulika na wakimbizi wa Kusini, wakajulikana na watu wa Lagu kabla ya kuanza kuzungumzia amani. Pili, hawakuogopa kwenda Khartoum: Mei 1971 ujumbe wao ulikuwa huko ukizungumza na serikali. Miezi miwili baadaye Nimeiri aliponea chupuchupu mapinduzi ya Wakomunisti, akatoka pale akiwa anahitaji marafiki wapya. Bahati nayo ni nyenzo ya msuluhishi, ingawa hakuna anayeiandika kwenye ripoti.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika Addis Ababa Februari 1972, yakaisha kwa chini ya wiki mbili. Aliyeongoza kikao ni Burgess Carr, kasisi kutoka Liberia. Ujumbe wa serikali uliongozwa na Abel Alier, mtu wa Kusini aliyekuwa waziri wa Nimeiri, jambo lililopunguza ukali wa chumba. Walipokwama, walikwama kwenye jeshi: nani atabeba bunduki Kusini baada ya amani? Waasi walitaka wanajeshi wao, Khartoum ilitaka jeshi moja. Makasisi hawakuwa na jibu. Ilibidi Mfalme Haile Selassie aingie, na hesabu ikatoka: askari 12,000 Kusini, nusu kutoka Kusini yenyewe, nusu kutoka kwingineko nchini. Tarehe 27 Februari mkataba ukakamilika, na mwezi uliofuata ukaidhinishwa rasmi.

Ulidumu miaka 11. Mwaka 1983 Nimeiri aliigawa Kusini mikoa mitatu na kutangaza sharia nchi nzima, akaua mkataba kwa mikono ile ile iliyouidhinisha. Mei mwaka huo askari wa Kusini waliokuwa Bor, mji wa huko huko Kusini, walikataa kuhamishiwa Kaskazini, wakaasi. Makanisa yangefanya nini? Hayakuwa na kikosi, hayakuwa na vikwazo, na mfalme aliyewasaidia alishapinduliwa na wanajeshi wake mwenyewe. Walikuwa na imani ya watu, nayo inatosha kuwaleta watu mezani. Kumzuia mtawala asiichane karatasi ni kazi nyingine kabisa.

Hata hivyo, miaka 11 ya utulivu kwa gharama ya posta, nauli na maombi si haba. Mikataba mingi yenye majenerali na marais waliojaa kwenye picha haikufika hapo.

Mzee: Mwalimu, kisha Madiba

Kwetu Tanzania kumpima Mwalimu ni kama kutia mkono kwenye mzinga wa nyuki, lakini tumpime, kwa sababu Burundi ilipata wazee wawili mfululizo kwa ugomvi ule ule na tofauti yao inaonekana wazi.

Oktoba 1993 Melchior Ndadaye, rais wa kwanza Mhutu kuchaguliwa Burundi, aliuawa na wanajeshi wa jeshi lililoshikwa na Watutsi, na vita vikaanza. Nyerere alikuwa ameshaanza kusuluhisha, akikutana na vyama Mwanza, Meja Pierre Buyoya alipopindua serikali tarehe 25 Julai 1996. Siku sita baadaye wakuu wa nchi za kanda walikutana Arusha wakaweka vikwazo. Hapo ndipo Mwalimu alipotofautiana na makasisi wa Addis: nyuma ya maneno yake palikuwa na mpaka uliofungwa na bandari ya Dar es Salaam, ambayo nchi isiyo na bahari kama Burundi haiwezi kuidharau. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, mazungumzo ya Arusha yakiwa yameshaanza tangu Juni 1998.

Lakini bandari ile ile ndiyo iliyomtia doa. Vyama vya Watutsi vilimwona Mwalimu kama mtu wa upande wa pili, maana Tanzania ilikuwa imejaa wakimbizi wa Kihutu na ndiyo iliyobana uchumi wao. Jirani akisuluhisha, kila baya linalotoka mpakani kwake linahesabiwa ni lake.

Kosa lililogharimu zaidi lilikuwa la viti. Ukumbini Arusha vilijaa vyama, 17 mwanzoni na 19 mwishoni, vingine vidogo mpaka watu wakitania kwamba wanachama wote wanaenea kwenye Hiace moja. Maneno kuhusu posho hayakukosa. Waliokosekana ni wenye bunduki: CNDD, kundi la waasi wa Kihutu, ilipogawanyika mwaka 1998, tawi la wapiganaji lililoitwa CNDD-FDD likabaki nje, na Palipehutu-FNL, kundi jingine la waasi wa Kihutu, nayo nje. Mwalimu aliendelea na yule kiongozi wa CNDD aliyekuwa akimtambua tangu zamani, ambaye wapiganaji wengi walishamwacha.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mandela alipochukua kiti, alikuja na kitu ambacho jirani hawezi kuwa nacho: hakuwa na mpaka na Burundi, wala mkimbizi wake, wala kahawa ya kuzuia. Kikao chake cha kwanza Arusha, Januari 2000, aliwakaripia viongozi mbele ya wenzao, na baadaye akaishupalia serikali ifunge kambi ilizokuwa imewakusanya Wahutu kwa nguvu. Angesema vile mtu wa Dodoma au Kampala, wajumbe wangesusa. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukasainiwa, Rais Bill Clinton akiwa ukumbini.

Ukasainiwa bila usitishaji mapigano. CNDD-FDD ya Pierre Nkurunziza iliingia Novemba 2003, kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi Dar es Salaam, Jacob Zuma akiwa ameshapokea kazi kutoka kwa Mandela. FNL ilisaini Septemba 2006, Dar es Salaam tena. Katikati yake watu waliendelea kufa katika nchi ambayo magazeti yalishaandika kwamba imepata amani.

Mbona basi Arusha haikufa kama Addis? Kwa sababu iligusa jeshi lenyewe: hakuna kabila litakaloshika zaidi ya nusu ya jeshi. Na kwa sababu Afrika Kusini ilileta askari wake mwaka 2001 kuwalinda wanasiasa waliokuwa wanarudi kutoka uhamishoni. Mzee wa mbali alikuwa na heshima pamoja na batalioni. Mzee wa jirani alikuwa na heshima pamoja na bandari. Kwa Buyoya na wanajeshi wake, batalioni ya mtu asiye na mpaka nao ilimezeka zaidi.

Niongeze pembeni: makanisa hayakukosekana Burundi pia. Machi 1997 jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, mjini Roma, ilikuwa imewakutanisha kwa siri watu wa Buyoya na CNDD mpaka wakakubaliana ajenda. Padri Matteo Zuppi wa jumuiya hiyo ndiye baadaye aliyeongoza kamati ya amani na usalama ya Arusha. Wenye hekima huwachanganya wasuluhishi kuliko kuwapambanisha.

Jenerali: anayeshika kalamu

Rais Omar al-Bashir wa Sudan alikuwa ameshavaa suti na kuunda chama, lakini aliingia kwa mapinduzi ya 30 Juni 1989 na jeshi ndilo lililombeba. IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ilikuwa ikisuluhisha kati yake na SPLM/SPLA, waasi wa Kusini wa John Garang, tangu miaka ya tisini bila kusogea. Mwisho wa 2001 Rais Moi akampa kazi Sumbeiywo, wakati huo mkuu wa jeshi la nchi kavu la Kenya.

Kinachomtofautisha na wenzake ni namna alivyotumia karatasi. Wengi hukusanya misimamo ya pande mbili na kuisafirisha huku na huku, kama tarishi. Yeye na timu yake waliandika rasimu moja, wakaiweka mezani, kila upande ukabishana na rasimu badala ya kubishana na adui. Wiki tano Machakos zilitosha: tarehe 20 Julai 2002 ilitoka itifaki iliyowapa Kusini haki ya kura ya maoni baada ya miaka sita, na Kaskazini ikabaki na sharia yake. Kila upande ulipewa kile ulichosema hauwezi kukikosa.

Njia hiyo nayo ina jipu lake. Septemba 2002 SPLA iliteka Torit, mji ule ule wa 1955, na serikali ikatoka mezani mpaka Oktoba. Julai 2003, Nakuru, wasuluhishi walizidisha: waliweka rasimu iliyogusa karibu mambo yote yaliyobaki kwa mpigo, na Khartoum ikaikataa kwa hasira. Kalamu ya msuluhishi ikiandika upesi kuliko wenye ugomvi wanavyofikiri, mkataba unakuwa wake peke yake.

Kilichookoa ni kwamba jenerali alijua kutoka chumbani. Septemba mwaka huo Makamu wa Rais Ali Osman Taha na Garang walikutana ana kwa ana Naivasha, na wiki kwa wiki wakaketi wawili wenyewe huku wasuluhishi wakisubiri nje kuandika yaliyokubaliwa. La kwanza walilomaliza, tarehe 25 Septemba, ni jeshi. Hapa ndipo 1972 ilipojibiwa. Garang alikuwa amepita Anyanya, akaingizwa katika jeshi la Sudan baada ya mkataba wa Addis, akapanda mpaka ukanali kabla ya kuasi mwaka 1983. Alijua kwa mwili wake kinachompata mwasi anayesalimisha jeshi lake kwa ahadi. Naivasha alibaki na SPLA nzima kwa miaka yote sita ya mpito, na vikosi vya pamoja vikawekwa kando.

Nyuma ya meza walikuwapo Marekani, Uingereza na Norway, na Novemba 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilifunga safari hadi Nairobi kuwataka wamalize kabla mwaka haujaisha. Tarehe 9 Januari 2005 mkataba ulisainiwa uwanja wa Nyayo. Garang alifariki kwa ajali ya helikopta Julai mwaka huo, na mkataba ukasimama bila yeye. Januari 2011 kura ilipigwa, zaidi ya asilimia 98 wakachagua kujitenga.

Dosari zake ni kubwa. Ulikuwa mkataba wa watu wawili: Darfur, magharibi mwa Sudan, ilikuwa inaungua tangu 2003 na haikupewa kiti. Abyei, eneo la mpakani kati ya Kaskazini na Kusini, iliahidiwa kura yake, haikufanyika. Na Kusini yenyewe iliingia vitani Desemba 2013, hata Mei 2024 jenerali huyo huyo akaitwa tena Nairobi kuongoza mazungumzo mengine. Lakini kwa kipimo changu, yeye ndiye aliyeacha kitu mkononi mwa dhaifu baada ya sahihi: jeshi lake mwenyewe na tarehe ya kura.

Jirani mwenye funguo

Turudi Myanmar. Jeshi lilipindua serikali tarehe 1 Februari 2021. ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, ilitoa makubaliano ya nukta tano Aprili mwaka huo, na majenerali wakayapuuza. Tarehe 27 Oktoba 2023 majeshi matatu ya makabila, MNDAA ya Wakokang, TNLA ya Wata'ang na Jeshi la Arakan, yakaanza operesheni ya pamoja kaskazini mwa jimbo la Shan, karibu na mpaka wa China. China haikukimbilia kuwazuia mwanzoni, kwa kuwa magenge ya utapeli wa mtandaoni yaliyojaa Laukkai, mji mkuu wa Wakokang mpakani mwa China, yalikuwa yakiwaibia Wachina, na waasi waliahidi kuyafagia. Laukkai ilipoanguka mwanzoni mwa Januari 2024, shida ya China ikawa imekwisha. Siku chache baadaye pande zote zilikuwa Kunming, mji wa China, zikitia sahihi usitishaji mapigano.

Juni 2024 vita vikarudi, Lashio ikatekwa, na safari hii China ilikasirika. Ilifunga vituo vya mpakani. Ukitaka kuelewa uzito wake, fikiria Laukkai: umeme unatoka ng'ambo, intaneti inatoka ng'ambo, dawa na mafuta vinatoka ng'ambo, na dukani unalipa kwa yuan. Waasi waliokuwa wamelishinda jeshi walikuta hawana dizeli. Kiongozi wao, Peng Daxun, alionekana kubaki Yunnan, jimbo la China linalopakana na Myanmar, na China ikasema yuko kwa matibabu. Januari 2025 MNDAA ikasaini, Aprili ikatoka Lashio. Oktoba 2025 TNLA nayo ilikubali kuondoka Mogok, mji wa migodi ya rubi.

Kwa kasi na utekelezaji, hakuna kati ya wale wengine watatu anayeifikia China. Hakuna rasimu iliyokaa miaka, na anayeahidi analazimika kutimiza. Lakini soma yanayosainiwa: kuacha kupigana, kurudisha mji, kufungua njia ya biashara. Kuhusu mamlaka ya jamii hizo, jeshi litakuwa la nani, au nani alipe kwa mauaji, kimya. Msuluhishi hakuja kwa ajili hiyo.

Basi umchague nani?

Kama pande hazijawahi hata kukutana, anza na watu wa dini, na uwape chumba bila kamera. Wakishafungua mlango, tafuta mwingine wa kuulinda. Makosa ya Addis yalikuwa kuwaachia wao kazi zote mbili.

Kama makundi ni mengi na heshima imepotea kabisa, mzee anafaa, na wa mbali anafaa kuliko wa jirani. Kabla hajaanza, mwekee swali mezani: bunduki zipi hazimo ukumbini? Akijibu kwa orodha ya vyama, hajaelewa swali.

Mimi, pande zikiwa mbili zinazoeleweka na kuna mataifa ya kusukuma nyuma, ningemchukua wa aina ya Sumbeiywo, mwanajeshi anayeweza kumwambia mwanajeshi mwenzake ukweli wa uwanja wa vita. Ningemwekea masharti mawili: rasimu isizidi sura moja kwa wakati, na suala la jeshi litangulie yote. Wasomaji wa Goma na Bukavu, hata kama Kinshasa si serikali ya kijeshi, mmeona vikao vya kutosha Nairobi, Luanda na Doha kujua kinachotokea suala hilo likiachwa la mwisho.

Jirani mwenye mpaka kwa kawaida humchagui, anakuchagua yeye. Unaloweza kuchagua ni kiasi cha maisha yako kinachopita kwenye geti lake. Majeshi matatu yalianza Oktoba 2023 pamoja, na yote matatu yalisaini Kunming Januari 2024. Wakokang, walio ubavuni mwa China, wamerudisha Lashio. Jeshi la Arakan, ambalo kwao ni pwani ya magharibi, mbali kabisa na mpaka huo, hadi mwisho wa 2024 lilikuwa limeshika wilaya 14 kati ya 17 za jimbo la Rakhine. Katika tatu zilizobaki ilikuwamo Kyaukphyu, linapoanzia bomba la mafuta na gesi liendalo Yunnan.